Dawa ya Rejeta ya Papa

Umbilo ya enzi zetu, hapa Durban, wenzangu mliokulia pale mtakumbuka, baridi ilikuwa kitu cha kusikia tu. Mwezi wa sita jua linawaka, na sisi watoto wa Wakongo na Warundi tunaruka elastiki uani pekupeku mpaka mama zetu waite kwa sauti ya kutishia. Siku hizi vijana wetu wa Durban wanavaa majaketi manene kama godoro kwenda dukani tu, halafu wanajipiga picha wakitetemeka. Baridi gani hiyo, jamani?

Baridi ya kweli tuliijua kupitia pikapu ya Papa. Aliuza mablanketi na makoti katika miji ya juu, kule milimani, na pikapu ile ya dizeli ndiyo iliyotulipia ada na kutuwekea sombe, kisamvu chetu, mezani. Kabla haijapanda, iliandaliwa siku nzima. Tonton Zaka, mjomba wa kuitwa tu, fundi Mrundi, rafiki wa Papa wa kufa na kuzikana, alilala chini ya gari miguu tu ikionekana. Walitoa maji yaliyotuama kwenye filta ya dizeli, wakapima betri, wakakagua plagi za kupasha injini moto, wakaziba nusu ya uso wa gari kwa boksi ili upepo usiipige injini. Tangi waliliacha nusu, Papa angejaza kulekule juu, kwa sababu dizeli ya pwani ikikutana na baridi ile inaganda kama samli. Uani kulinuka dizeli na maandazi ya Mama, na wale wawili wakicheka mambo ya Uvira na Bujumbura mpaka machozi yawatoke.

Mimi, binti wa miaka kumi, nilipewa kazi moja: kuchanganya maji ya rejeta kwenye ndoo, nusu maji, nusu dawa ya kijani ya kuzuia kuganda, ambayo Tonton Zaka aliinunua kwa pesa za Papa.

"Mama, usikosee," Papa aliniambia, maana kwetu binti huitwa Mama. "Kule maji inaganda sawa jiwe. Ikigandia ndani, inapasula moteri."

Niliitikia, lakini sikuamini. Nimezaliwa kwenye joto, nimelelewa na watu wa joto. Maji yapasue chuma? Basi wenzangu wakaniita, zamu yangu ya kuruka imefika. Nikakurupuka, nikaipiga ndoo teke, dawa yote ikaishia mferejini. Fimbo ya Mama niliijua vizuri. Nikajaza ndoo maji ya bomba, nikachukua sharubati ya kijani iliyobaki kwenye sherehe ya ubatizo, nikaimimina mpaka rangi ikafanana. Tonton Zaka akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akanisifu, akaimwaga kwenye rejeta.

Hakuna gari la kwetu lililosafiri bila kuombewa. Mchungaji alikuja, majirani wakalizunguka, kila mtu akaweka mkono kwenye boneti. Na mimi niliweka wangu. Mchungaji alipoomba Mungu alinde kila chuma na kila tone, niliitika Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Naona haya hata kuliandika.

Siku ya tatu Papa alirudi kwa taxi, furushi la mablanketi begani. Gari lilikuwa limelala nje, na asubuhi injini ilikutwa imepasuka. Fundi wa kule alimwonyesha barafu ya kijani, akamwambia hii si dawa. Papa alikwenda moja kwa moja kwa Tonton Zaka, nami nyuma yake.

"Zaka, ulininunulia dawa ya bongo, ya uongo? Mimi na wewe?"

"Ndugu yangu, mbele ya Mungu, nilileta ile ya muzuri."

"Basi ni nani? Ni mutoto?"

Tonton Zaka akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Hapana," akasema taratibu. "Mutoto hapana."

Nikamfuata Papa nyumbani. Papa alilisema jambo lile kanisani, na kwa watu wetu neno moja linatosha. Hakuna tena aliyempelekea Tonton Zaka gari. Haukupita muda akahamia Isipingo, kusini mwa mji. Papa naye akawa mlinzi wa maegesho, akilinda magari ya wengine, na kicheko kile cha uani sikukisikia tena.

Juzi nilipata safari ya kazi ya kupanda milimani. Nikaipeleka pikapu yangu Isipingo, kwa mzee mwenye mvi anayetengeneza magari karibu na stendi ya taxi. Alinipa galoni ya dawa ambayo haijafunguliwa.

"Fungua mwenyewe, mwaga mwenyewe," akasema. "Mimi siku hizi simwagie mutu."

Nilimwaga mwenyewe, kisha nikamwambia yote huku nalia. Alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Nilijua tangu siku ile. Mimi najua kama sikuibe. Mwenye hajui ni Papa yako. Miaka yote anafikiri rafiki yake ni mwizi. Enda umwambie yeye."

Tunawacheka watoto wa leo, kwamba hawana adabu, hawasalimii, shingo zimepinda kwenye simu. Lakini mwanangu akivunja sahani anakuja mwenyewe: "Mama, ni mimi," kisha anarudi kwenye simu yake. Sisi tulisalimia kwa mikono miwili, tulipiga magoti, tuliitika Amina, na tulijua kunyamaza kuliko kizazi chochote.

Jumapili nilikwenda Umbilo. Papa anaishi peke yake sasa. Alinichemshia chai, akachungulia gari langu dirishani, akauliza kama liko tayari kwa baridi, na nani ameliandaa.

"Fundi mumoja tu, Papa," nikamwambia.