Harusi ya Dada Kwenye VCD

Mtaani walimwita Jicho, na jina lilimkaa. Mwekee filamu, yeye asimame kule mlangoni, atakwambia: "Hiyo VCD hiyo. Tazama mtu akikimbia, sura inavunjika vigaevigae." Badilisha diski. "Haya, hiyo ndiyo DVD. Hata vifungo vya shati unahesabu." Hakosei. Na maringo yake sasa, we acha tu! Kwenye duka lake la kupiga video za harusi aliweka televisheni mbili ubavu kwa ubavu, makusudi kabisa, ili awaumbue wanaosema picha ni picha.

Asubuhi moja akaingia mpwa wake, binti wa marehemu dada yake. Mama alifariki mtoto hata kutambaa hajaanza. Leo binti ni mchumba wa mtu, na mkononi ana diski ya harusi ya mama yake, aliyoipiga Jicho mwenyewe.

"Mjomba, kila mtu ananiambia nacheka kama mama. Kwenye picha zote kafumba mdomo. Nioneshe akicheka."

Jicho alijua kilichomo. Akaitia kwenye deki. Bibi harusi akageuka, akacheka, na uso wote ukawa miraba: ya kahawia, na mmoja mweupe penye meno. Binti akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Rudisha, mjomba."

Akarudisha mara tatu. Miraba ileile.

"Diski imezeeka, mwanangu."

Mwongo mkubwa! Huyu huyu aliwahi kumfokea mteja mbele za watu kwamba diski ikichoka hukwama, haigeuzi uso wa mtu kuwa vigae.

Binti akaamini, maskini. "Asante hata hivyo. Angalau wewe ulitupigia hii."

Heri angemtukana. Jicho akajifanya anafuta vumbi kwenye deki, lakini njia ya mwongo ni fupi. Binti alikuwa ameshachukua DVD ya juu ya kabati, ile ya kuwaringishia wateja, akasoma tarehe, akaiweka kwenye televisheni ya pili. Akatokea bibi harusi mwingine, safi, mpaka jasho la puani linaonekana.

"Hii ni ya mwezi uleule, mjomba. Mbona yenyewe haikuzeeka?"

Alitamani ardhi ipasuke. Tangu lini Jicho akaogopa kutazama televisheni? Leo aliogopa zote mbili.

"Haikuzeeka hata ya mama yako," akasema mwishowe. "Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. DVD ilinichukua siku nzima kuiandaa, na wateja walinisonga. Nikampa VCD. Halafu kanda yenyewe ya kamera, ile niliyopigia... nikairekodia juu. Nikarekodi harusi hii unayoitazama."

Wanasema mganga hajigangi. Huyu hakumganga hata dada yake wa tumbo moja!

"Kwa nini yeye?" binti akauliza.

"Wateja wana maneno, mwanangu. Mama yako alikuwa mpole. Nilijua hatalalamika. Na kweli, aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru."

Binti akageukia televisheni ya kwanza, kwenye ule mraba mweupe.

"Kwa hiyo mama angekuwa mkorofi, leo ningemwona?"

"Ndiyo, mwanangu," akasema Jicho. "Ungemwona."