Herufi Zenye Miguu

Shule nilisoma madarasa mawili, na nusu ya la pili nilikuwa mgonjwa. Kusoma nimejifunzia kazini, kwa herufi za risasi za kupangia chapa, na herufi ya risasi huwa imegeuka kama uso kwenye kioo. Basi nilijua kusoma kinyume kabla ya kujua kusoma kama watu. Sioni haya kulisema. Kwa herufi hizo nimejenga nyumba hapa Mji wa Kale na nimewaoza mabinti watatu.

Tajiri yangu, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la chapa, alinionyesha siku ya kwanza aina mbili za herufi. Moja ni kavu, imekatwa tu. Hiyo ni ya mabango na bei za sabuni. Ya pili ni ya zamani sana, mstari wake hunenepa na kukonda kama kalamu ya mwanzi, na chini ina vijiguu. "Hii yasimama," aliniambia. "Ile imewekwa tu." Tangazo la msiba hakukubali lichapwe kwa herufi isiyo na miguu, hata mwenye msiba alie.

Duka lilipofungwa, mashine kubwa ilikwenda Shimanzi kwa wanunuzi wa vyuma. Mimi nilichukua mashine ndogo ya mkono na sanduku moja la herufi za miguu. Majirani walicheka. Mke wangu hakucheka. Alihamisha mkaa wake chini ya ngazi, akanipa mahali pa kuviweka.

Mwaka huu alifariki. Kwetu, kwenye khitma ya arobaini, kisomo cha kumwombea marehemu, watu hugawiwa vitabu vidogo vya Yasini, na ukurasa wa mbele husema aombewaye ni nani. Binti yangu mkubwa aliniletea mfano kutoka duka la kompyuta huko Marikiti. Jina la mamake limeandikwa kwa herufi za mikia, maua pembe zote nne.

"Hii ni kadi ya harusi," nikamwambia.

"Baba, kila mtu afanya hivi."

"Mamako si kila mtu. Ukurasa huu nitaupanga mimi."

"Khitma ni Ijumaa, baba."

"Siku naijua."

Macho yamechoka, lakini vidole vyajua kila herufi ilipolala. Niliandika mistari kumi na mmoja, nikaanza kuipanga. Kufika wa saba, a zikaisha.

Jambo hili kila mpanga herufi wa Kiswahili alijua. Masanduku yale yalitengenezwa na Wazungu kwa lugha yao, nayo hula e. Sisi twala a. Kisanduku cha e kimejaa hadi leo, cha a huonekana mbao ya chini. Dukani tulikuwa tukichapa nusu ya ukurasa, tunafumua, tunapanga nusu ya pili kwa herufi zilezile, kisha karatasi yarudi mashineni. Nilijaribu. Nusu ya chini ilikaa upande, karatasi sita zikaharibika.

Nikafanya kosa ambalo tajiri yangu angenifukuza kwalo. Nilichukua a kavu, zisizo na miguu, nikajazia mapengo, nikachapa karatasi moja. Binti akaitazama.

"Yapendeza. Wala haionekani."

Mimi niliona. Zilikuwa kama watu waliovaa viatu katikati ya safu ya msikiti.

Yeye akaendelea kusoma kwa sauti: "'Mke wa fundi mkuu wa chapa katika mtaa huu, aliyeanza bila kitu, akasimama kwa mikono yake mwenyewe, akajenga…' Baba, hapa yuwaombewa nani? Wewe si u hai bado?"

"Nenda jikoni," nikamwambia.

Alikwenda. Nikabaki na karatasi, nikahesabu. Mistari ya sifa zangu ilikula zaidi ya nusu ya a zote. Sikupenda kuiondoa, na hadi sasa sipendi, maana kila nililoandika lilikuwa kweli. Nikaifumua mistari ile, herufi moja moja, nikairudisha kila moja kisandukuni mwake. A kavu nikazitupa kwenye kopo.

Ilibaki mistari mitano: jina lake, la babake, siku aliyotutoka, mama wa mabinti watatu, na ombi la Fatiha. Herufi zote za miguu. Asubuhi nilichapa kurasa mia mbili, na binti akakaa kando yangu akizianika zikauke.

Ijumaa watu walifungua vitabu, wakasoma jina lake, wakaanza Yasini. Niliketi nyuma karibu na mlango. Nilikuwa nimejiandaa kujibu nikiulizwa ni nani aliyeupanga ukurasa ule. Hakuna aliyeuliza.