Kupishana na Baba Mkwe Msituni

Nimezaliwa Bagamoyo, na kabla hujaniuliza habari za bahari, ni Bagamoyo ya kwetu Tukuyu, ya mvua na matope. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale, wa ukoo uliopanda kutoka pwani, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni, alishinda barazani akiyatukana marobota kana kwamba yanamsikia. Nami nikamtonesha kidonda: nikampenda Mnyakyusa, Mkristo, mtoto wa mkulima wa migomba kule Nkunga. Baba alitaka shehe, wakwe walitaka mchungaji. Tukafungia ndoa bomani, pande zote mbili zikanuna sawasawa.

Nilichokuwa sijaambiwa ni habari ya baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawataniani, au hawali pamoja. Hawaonani kwa macho, wala hawasemeshani. Yeye akitokea huku, wewe unatokomea kule, na ukikosa pa kutokomea unajifunika nguo gubigubi. Mkigongana uso kwa uso umeleta balaa nyumbani. Wazee watakaa kikao, na unaweza kurudishwa kwenu mpaka mambo yasafishwe. Mimi nirudi kwa baba yangu nikasikilize "si nilikwambia"? Thubutu! Halafu mume wangu nilimpenda, na nampenda mpaka leo ingawa anakoroma.

Basi tukaishi uwanja mmoja, mimi na mzee, bila kuonana. Yeye akikaribia kona alikohoa. Mimi nikitembea nilitakiwa kuimba, mama mkwe ndiye aliyenifundisha, ili mzee ajue nilipo. Nyimbo za kanisani sikuzijua, nikawa naimba za redioni. Baada ya siku chache mama mkwe akaja kuniambia kwa upole, "Baba yenu anauliza kama huna wimbo usiokuwa na mapenzi." Sikuwa nao.

Kuna wiki mzee alishikwa na kikohozi cha kweli. Jamani! Kila akikohoa, mimi chini, naingia migombani. Nasonga ugali, kho! naruka na mwiko. Nafua, kho! naacha nguo zinaelea. Mpaka Jumapili nilikuwa naishi migombani kabisa, mama mkwe akawa ananiletea chakula hukohuko na kunipa pole.

Nilichokijua cha mzee ni koti. Kwa mbali, kwa nyuma, likipotea mahali. Lilikuwa koti la mitumba, la kike, rangi ya waridi, lina manyoya shingoni. Alilipenda kwa sababu Tukuyu ina baridi na manyoya ni manyoya. Baba yangu angeliona angelazwa.

Juu ya mashamba ya ukoo kulikuwa na msitu. Tangu niolewe nilikuwa nausikia tu: kuna mbega wa mikia myeupe, kuna miti mikubwa hata watu watano hawaikumbatii. Siku moja ya soko, watu wote wameteremka Tukuyu, na mzee nimeambiwa naye ameteremka, nikasema potelea mbali, leo nakwenda kutembea kama mtu. Nikajifunga kanga zangu mbili, nikapita kwenye shamba la chai la jirani, nikavuka kijito, nikaingia.

Na kweli ni pazuri. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye matawi, chini udongo mweusi unabonyea, kimya mpaka unasikia maji yakidondoka jani kwa jani. Mbega sikumwona hata mmoja. Nikafurahi hivyo hivyo. Nikaimba, kwa mazoea.

Mbele yangu, kwenye kona, nikasikia: kho!

Sikufikiri. Miguu ilikwisha kufundishwa. Nikajitupa kulia, nikaingia moja kwa moja kwenye upupu. Na hapohapo, upande wa kushoto, nikasikia matawi yanavunjika, kishindo, halafu "Ayii!" iliyotoka chini ya ardhi. Njia yenyewe ikabaki tupu. Watu wawili tumeheshimiana mpaka hakuna aliyepita.

Nilipotoka, najikuna kila mahali, nikaona shimo. Lilikuwa la wapasuaji mbao. Siku hizo kila mwenye msumeno alikuwa mfanyabiashara, na vijana wa mbao waliingia msituni wakachimba shimo la kupasulia, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini. Walilifunika kwa matawi bwana misitu asilione. Naye baba mkwe, kumbe, sokoni hakwenda. Alipanda kuwavizia haohao.

Nilisimama mbali na ukingo, nimegeuka.

"Mti!" sauti ikatoka shimoni. "Wewe mti! Kama kuna mtu hapo, mwambie asisogee."

Miti ilikuwa mingi. Nikachagua mmoja mnene, nikauambia, "Mti, mwulize mzee kama ameumia."

"Mwambie mguu umegeuka. Akaite wanaume."

"Mti, mwambie wanaume wote wako sokoni."

Nikasikia anajaribu kusimama, anashindwa. Halafu akasema taratibu, "Mwambie nilisikia anaimba. Njia haijui huyu, na upande wake kuna korongo. Nikaona bora nipishe mimi."

Kwa desturi yao mwanamke ndiye anayepisha. Mzee mzima aliruka shimoni ili mimi nisiangukie korongoni, na mimi nilikuwa nimeshajitupa kwenye upupu. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Mvua ikaanza. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Kilima kizima kikaanza kutiririka, na maji yote yaliona shimo lile ndiko kwao.

"Mti, mwulize mzee maji yamefika wapi."

"Magotini."

Nikasema nikimbilie nyumbani. Kwenda ni mbali, kurudi ni kupanda, na huko nyumbani kuna nani? Nikauliza tena.

"Kiunoni," akasema. "Mwambie aende zake. Asilowe."

Hapo nikapandwa na hasira, hasira ya kwetu Bagamoyo. "Mti! Mwambie mzee mimi siendi kumwambia mama kwamba nimemwacha mumewe afe kwa heshima!"

Mvua ikazidi. Halafu: "Mti, mwulize kwao walimlisha nini, ana sauti kama ng'ombe."

"Mwambie ng'ombe ndiye anayetakiwa sasa hivi!"

Nikafungua kanga zangu.

"Mti! Mwambie asivue nguo!"

"Mti, mwambie mzee nina gauni ndani, asinitie aibu!"

Nikazifunga kanga pamoja, fundo mara mbili. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikasikia ukingo kwa kisigino, nikatupa ncha moja nyuma yangu bila kutazama. Ncha ya pili nikaipitisha begani. Akashika. Nikavuta, uso wangu umeelekea Tukuyu, mgongo kwa baba mkwe. Nilivuta huku nikiteleza, nikipiga magoti, nikimwita Mungu kwa lugha zote nilizozijua. Nyuma yangu mzee alipumua, akakwaruza udongo, akaanguka majini, akaanza upya. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kwamba fundo litafunguka na nitasikia ule mwanguko halafu nisisikie kitu.

"Mti," akasema hatimaye, kwa karibu sana, "viwiko vimefika juu. Mwambie anipe mkono."

Nikafumba macho, nikanyoosha mkono nyuma, nikapapasa, nikakamata, nikavuta.

"Hilo ni sikio," akasema.

Ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe wangu kuniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu wala mti.

Akatoka, nikasikia anahema matopeni. Alijifunika koti lake la waridi kichwani, nami nikaokota fimbo, nikampa ncha moja, nikashika ya mbele, tukaanza kuteremka. Anayejua njia haoni, anayeona hajui njia. "Fimbo," alikuwa akisema chini ya manyoya, maana mti tulikuwa tumeuacha, "mwambie tukisikia maji kushoto tumepotea." Tulisikia maji kushoto mara nyingi. Alichechemea, akaugulia, lakini hakulifunua koti hata pale alipojigonga kwenye mgomba, na akauomba radhi mgomba.

Majirani wakaona mguu wa mzee na upupu wangu, na kesho yake wazee wakakaa kuuliza kama tulionana. Mume wangu naye alikuwepo, kajikunyata. Mimi niliwekwa nyuma ya jiko, nasikia kila kitu, ngozi inaniwasha. Sanduku langu nilikuwa nimeshalipanga kimyakimya.

Mzee mmoja akauliza, "Nani alikutoa?"

Baba mkwe akakohoa. "Mti."

"Mti?"

"Nilikuwa nao nazungumza, ukanitoa."

"Ulimwona mtu?"

"Nilikuwa shimoni. Niliona matope."

Mama mkwe akatumwa kwangu kuniuliza niliona nini. Nikasema niliona mvua. Wazee wakashusha pumzi, nilizisikia mpaka jikoni. Hakuna aliyeonwa, hakuna aliyeona, hakuna wa kurudishwa. Wakaagiza pombe kidogo ikamwagwe kwenye shina la ule mti kwa kuushukuru, na wakaondoka kwenda hukohuko msituni, kundi zima, na kibuyu chao. Ikawa sasa kuna mti uliookoa mtu. Vijana wa mbao wakasikia, wakahama na misumeno yao.

Mume wangu alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Niliokolewa, sawa, lakini nilikasirika! Mabega yamechubuka, kanga za arusi zimechanika, na mti unanyweshwa pombe! Niliwaza ule mti ulivyosimama pale haukutingisha hata jani. Usiku ule nilimgeuzia mume wangu mgongo kana kwamba yeye ndiye aliyeupanda.

Alfajiri mama mkwe akabisha mlango wa jiko. Alikuwa na kuku jike kwapani, mweusi, wa kutaga, aliyemlea mwenyewe na asiyeruhusu mtu amguse.

"Baba yenu amesema kuku huyu ni wa mti," akasema. "Nimemwambia mti haufugi kuku. Akasema, huu unafuga."

Kwa nje, nyuma ya migomba, mtu alikohoa. Sikukimbia. Nilipiga goti palepale, nikampokea kuku kwa mikono miwili, na nikasema kwa sauti ya kufika migombani, "Ndaga fijo, baba," ndiyo asante sana kwa lugha yao. Kisha nikalia, na mama mkwe akanishikia kuku mpaka nilipomaliza.