Matairi ya Gari la Babu

Harufu ya mpira ikichanganyika na maji ya sabuni hunirudisha Migori, kwenye karakana ya Fundi Ochieng' nyuma ya soko, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Sakafu yake ilikuwa ya udongo ulionyweshwa oili mpaka ukawa mgumu na mweusi, na ukutani zilining'inia spana alizozipanga kwa ukubwa wake. Ochieng' alikuwa rafiki wa baba tangu walipokaa dawati moja shuleni, tena alikuwa baba yangu wa ubatizo. Kila nilipofika pale alikifuta kiti cha gari kilichong'olewa, akatandika gazeti ili nisichafue gauni, kisha akaniagizia soda. Sikuwa na mtu mzima mwingine aliyenifutia kiti.

Tuliishi Masara, ambako baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilinguruma tangu asubuhi, na vumbi lake likatua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mboga, na juu ya gari la babu. Lilikuwa gari la zamani la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo na usukani mwembamba kama mkono wa mtoto. Babu alipofariki lilipandishwa juu ya mawe kando ya jiko, na matairi yake yakapasukapasuka kama visigino vya mtu wa kutembea peku. Dani, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita bibi, alilifuta kila Jumamosi, ingawa halikuwa likienda popote. Mwaka huo akina mama wa kanisa alilosali ujanani, kule Homa Bay, walimwalika wamshukuru kwa kuwafundisha wasichana kushona. Baba akamwahidi kwamba atafika kwa gari la mumewe. Dani aliingia ndani, akatoa kitambaa chake cha buluu cha kichwani na kukiloweka. Ahadi hiyo ilikuwa pia jibu kwa ndugu wawili wa baba waliokuwa Nairobi, ambao kila Krismasi walisema gari liuzwe kama chuma chakavu.

Gari lilivutwa kwa trekta hadi Migori, na Ochieng' akaihangaikia injini mpaka ikakohoa, ikanguruma. Kilichobaki kigumu kilikuwa matairi. Jumamosi nzima nilizunguka na baba madukani. Matairi ya siku hizi ni mapana, na rimu za babu zilikuwa nyembamba. Duka la kwanza lilituazima moja ili tulijaribu, na usukani ulipokatwa likasugua mudgadi, lile bati la juu ya gurudumu, kwa sauti iliyonitia ganzi ya meno. Katika duka la pili mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyeniona nikipapasa tairi akaniita karibu.

"Usidanganywe na meno yake," aliniambia. "Soma hapa ubavuni. Hizi namba mbili za kwanza ni wiki, hizi mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Mpira huzeeka hata ukilala stoo."

Alisema anaweza kuagiza ya kipimo chetu kutoka Nairobi, tusubiri wiki tatu. Sherehe ya Dani ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Baba alimshukuru, akasema atafikiria, tukarudi Masara.

Alhamisi Ochieng' alituita. Amepata manne. Tulipofika yalikuwa yameegemezwa ukutani, meusi tititi, meno yake marefu, na vile vinywele vya mpira bado vimesimama, ishara kwamba hayajawahi kukanyaga barabara. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimtazama Ochieng' akipaka maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi la kwanza, akilitia kwenye rimu kwa vyuma viwili bapa, akifungulia upepo wa kompresa mpaka tairi likakaa mahali pake kwa mlio kama wa bunduki. Alipoliviringisha kando, nilichuchumaa nikatafuta namba. Nilisoma mara mbili. Tairi lilitengenezwa mwaka niliozaliwa mimi. Nikayasoma yale mengine matatu, yote ni hivyo hivyo, na karibu na ukingo nikaona mistari midogo, myembamba kama unywele.

"Baba," nilisema, "haya matairi yana miaka kumi na moja."

Baba hakugeuka. Ochieng' aliacha kufanya kazi, akamtazama baba, akangoja. Kisha akainamisha kichwa.

"Hizo ni namba za kiwanda tu, Adhiambo," baba alisema.

"Yule mama alisema—"

"Wewe ni mtoto. Usimwaibishe baba yako wa ubatizo mbele ya watu. Kamalizie soda yako."

Nilirudi kwenye kiti. Niliona vile Ochieng' alivyoshindwa kunitazama, nikajua, kwa hakika ya mtoto, nani alikuwa mwongo mle ndani.

Jumapili Dani alikaa mbele, kitambaa chake cha buluu kimepigwa pasi, mkono wake dirishani. Watu wa Masara walitupungia. Tulipita Migori, tukapita Rongo, na Dani akaanza kuimba polepole. Tulipoanza kuteremka, ziwa likaonekana, na tairi la mbele upande wake likapasuka. Gari lilikimbilia kando, baba akipigana na usukani, likaangukia mtaroni kwa ubavu. Sisi wengine tulitoka na michubuko. Dani alivunjika nyonga. Katika hospitali ya Homa Bay, akina mama wa kanisa walikuja kumshukuru akiwa kitandani, na mmoja wao akamfunga upya kile kitambaa kilichochanika. Hakutembea tena bila mtu wa kumshika.

Jioni ile, mbele ya mama yangu na wale ndugu zake wa Nairobi waliokuwa wamefika, baba alisema maneno manne: "Ochieng' alitupatia matairi mazee." Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mimi niliona nimehesabiwa haki. Wiki mbili baadaye Ochieng' alikuja Masara akiwa na kuku na sukari kumwona Dani. Alininyooshea mkono. Niliuangalia ule mkono, nikaenda nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka akaondoka. Nilipofaulu mtihani wa darasa la nane alinitumia kamusi. Niliirudisha bila kuifungua hata ukurasa mmoja. Baba aliniona nikiifunga upya kwenye karatasi yake, akatoka nje.

Mwaka huu Ochieng' amefariki. Alizikwa kwao, Kosele. Mimi sasa ni mfamasia Homa Bay, nina gari langu, na baba aliniomba nimpeleke. Nilikubali kwa ajili yake tu. Pale mazishini baba alipopewa nafasi ya kusema alisimama kwa shida, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Huyu mtu," alisema, "hakuwahi kunidanganya hata siku moja."

Nilidhani ni yale maneno ya kumpamba marehemu. Lakini sauti yake ilivunjika kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya kumzika Dani. Tulipokuwa njiani kurudi nilimuuliza, "Na yale matairi?"

Tulikuwa tunaliacha soko la Kosele.

"Aliniambia," alisema. "Aliniambia yamelala stoo miaka mingi na hayafai kumfungia mtu. Mimi ndiye niliyemsihi ayafunge. Nilimwambia ni safari moja tu."

"Na ukatuachia tumchukie."

"Yeye mwenyewe alisema niache iwe hivyo. Alisema wewe utahitaji baba zaidi ya utakavyohitaji fundi."

Niliendesha. Mtu aliyenifutia kiti alibeba lawama kwa miaka yote ile, akaninyooshea mkono mara mbili nikaukataa mara zote mbili, na siwezi tena kumwomba radhi. Baba bado ni baba. Huja kwangu kila mwisho wa mwezi, nampikia samaki, tunacheka. Zamani neno lake lilinitosha hata pale macho yangu yalipoona vingine. Siku hizi akiniambia amekunywa dawa yake ya presha, namjibu vizuri, kisha akitoka kuota jua nafungua pakiti na kuhesabu vidonge.