Ng'ombe wa Mzee Katika Zizi la Mama

Kosa langu la kwanza baada ya mzee yule kufariki lilikuwa kumtoa ng'ombe kwenye zizi la mama na kumficha kwa mjomba. Nilidhani namlinda mama. Naliandika hapa mwanzo kwa sababu najijua: jambo likiniaibisha, nalizungushia maneno mpaka linaonekana zuri.

Mzee alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alizaliwa kwenye milima ya Kondoa, akahamia kijijini kwetu, wilaya ya Chemba, kabla sijazaliwa, akanunua na kuuza mnadani mpaka akawa na kundi ambalo hakuna aliyejua ukubwa wake. Lakini alijulikana zaidi kwa jambo jingine. Mwanamke akifiwa na mume, hata kama si Mwislamu, hata kama si wa kabila lake, matanga yakiisha mzee alimletea ng'ombe jike na kumwacha zizini. Mama alipata wake baba alipofariki. Nilikua kwa maziwa hayo.

Kwetu kumwekea mtu ng'ombe si kumpa. Anayewekewa anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama wake ni mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, unapeleka ngozi kwa mwenyewe aione, ajue kweli amekufa. Asiye na ngozi ameuza. Hakuna anayehitaji kuitisha kikao kujua hilo.

Nilianza kumshuku mzee nikiwa bado shule ya msingi. Alikuwa akija bila taarifa, anasimama zizini, anashika sikio la ng'ombe kwenye alama yake, pengo lililokatwa mfano wa mwezi mchanga, kisha anauliza, "Wanashiba?" Sikujua anauliza kuhusu ndama au kuhusu sisi. Mama alimkaribisha uji, naye kila mara alikataa. Mtu anayekataa uji nilimwona anaficha kitu. Na ng'ombe wetu wa kwanza alipozeeka, mzee alimchukua na kutuachia ndama wake aliyekuwa amekua. Watu walisema ni wema. Mimi niliona mtu anayebadilisha mali yake kabla haijaharibika.

Mnadani wanaume walimtania hata akiwa karibu.

"Huyu ukimhesabia ng'ombe zizini kwake ni maskini wa kuchangiwa," alisema mmoja. "Hesabu kwa wajane sasa!"

"Malisho bure," akadakia mwingine, "na wachungaji hawadai mshahara."

Mzee alicheka nao. Mimi sikucheka. Jirani yetu, naye mjane wa kuwekewa, alipofiwa na ng'ombe, alibeba ngozi mpaka kwa mzee, naye akamwambia, "Rudi nayo, watoto walalie." Kijiji kizima kilimsifu. Mimi nikajiuliza: anayeacha ngozi anataka kitu gani kikubwa zaidi?

Labda ni tabia yangu tu. Umeme nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu redio za watu, na kwa kuwa sina mwalimu wa kuniambia hapa umepatia, sijiamini. Naishi Ipagala, Dodoma mjini, nafunga nyaya kwenye nyumba zinazojengwa kila kukicha. Swichi naipima kwa pima maji kuona kama imenyooka, naifunga, naifungua, naipima tena. Wenzangu hushuka ngazi wakaenda kula, mimi nabaki na ukuta. Watu nao nawapima hivyo hivyo, na sijawahi kukuta aliyenyooka.

Mzee alipofariki nilikwenda kuzika. Makaburini nilisikia kwamba watoto wake watatu, wanaofanya biashara Dodoma mjini, watapita nyumba hadi nyumba kabla ya arobaini kuona ng'ombe wa baba yao. Nilirudi nyumbani kwa mama.

"Wanakuja kumchukua," nilimwambia mama.

"Wakimchukua, ni wao."

"Umemlisha miaka yote hii, mama. Wakati wa ukame ule wewe ndiye uliyemkatia majani mpaka mikono ikapasuka."

"Na yeye akakulisha wewe. Tumemalizana."

"Yule mzee alikuwa mjanja tu. Alikuwa anaficha mali."

Mama aliacha kupepeta mtama. "Maziwa uliyokunywa yalikuwa ya ujanja? Mbona hukutapika?"

Siku ya mnada, yeye akiwa kwenye sala ya jumuiya, nilimfunga ng'ombe kamba nikatoka naye. Niliichagua siku ile makusudi, kwa kuwa siku ya mnada mtu mwenye ng'ombe barabarani haulizwi lolote. Nilisalimiana na watu njia nzima. Kabla ya kufika mnadani nikakata kushoto, nikashika njia ya Kondoa mpaka kwa mjomba, kaka yake mama. Nilimdanganya kwamba mama ndiye aliyenituma.

Niliporudi jioni mama alikuwa ameshakuta zizi tupu, na nilipomwambia hakupiga kelele. Alisema tu, "Kamrudishe." Nikasema kesho. Kesho yake wakaja.

Walikuja asubuhi, wale watoto watatu, pamoja na shehe, mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili. Nyuma yao walifuata majirani, wakiwemo wajane waliokwisha kupitiwa. Niliwasha simu kurekodi, nikaiweka mfuko wa shati. Niliwaza: wakidai chochote, nitakuwa na ushahidi.

"Shikamoo mama," alisema mkubwa wao.

"Marahaba, wanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mama, baba alituachia neno. Ng'ombe wote aliowaweka kwa akina mama wabaki walipo, wawe wao. Lakini alitaka tumshike kila mmoja mgongoni, mbele ya watu, tuseme kwamba si wetu tena, ili hata wajukuu wasije wakadai. Ng'ombe wako yuko wapi?"

Mama alitazama chini. Nilielewa kwamba aibu yangu anaibeba yeye.

"Alikufa?" aliuliza shehe kwa upole.

"Hakufa," alisema mama.

"Kama alikufa, ngozi iko wapi?" aliuliza mtoto wa pili, ambaye hakusikia au hakutaka kusikia.

Nyuma, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona, "Ameshamla." Mama alisikia. Mwanamke yule alikuwa anaimba naye kwaya.

"Yuko kwa mjomba," nilisema. "Nilimpeleka mimi. Wakati namtoa, mama hakujua."

"Ameenda kusalimia?" alitania mzee mmoja, na watu wakaangua kicheko. Mkubwa wao hakucheka. Alinitazama kama ninavyotazama ukuta.

"Ulimpeleka kwa nini?"

"Nilidhani mnakuja kumchukua."

"Sisi?"

"Nyinyi. Na baba yenu pia nilimdhania hivyo."

Hapo hata mwenyekiti aliinamisha kichwa. Mkubwa wao akasema, "Mlete tumwone."

Nilikwenda, nikalala kwa mjomba, nikarudi naye mchana wa siku iliyofuata. Haikuwa siku ya mnada, kwa hiyo kila niliyepishana naye aliniuliza natoka wapi na ng'ombe wa marehemu. Kila mmoja nilimjibu ukweli.

Zizini walimzunguka. Ng'ombe alikuwa amekonda kwa safari, na mtoto wa pili akasema, "Tulimwona wakati baba anaumwa. Alikuwa mnene. Huyu kijana amembadilisha." Niliona jinsi inavyouma kushukiwa na mtu anayekagua kwa makini. Mzee mmoja akamshika ng'ombe sikio, akaonyesha pengo. Mtoto wa pili akaliinamia, akalipapasa kingo zake kuona kama ni la jana. Lilikuwa la zamani.

Lakini mkubwa wao hakumshika ng'ombe mgongoni. "Mama, samahani," alisema. "Wengine tumewaachia. Huyu atabaki kwako kama zamani, wa kuwekewa, na ndama wa kwanza ni wetu. Tukimpata, tutakuja kumshika huyu. Baba angekuamini. Sisi hatujafika alipofika yeye."

Mama alisema, "Sawa, mwanangu," na hakunitazama mpaka wageni walipoondoka.

Mpaka leo sijui mzee alikuwa mtu wa namna gani. Nimewauliza wazee wale wawili. Mmoja anasema aliwatawanya ng'ombe wasife pamoja kwa maradhi. Mwingine anasema aliwaficha macho ya watu, kisha akazoea kutoa. Rekodi ya simu nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta mtego katika maneno ya mtoto wake. Sijaupata, na bado nikisikiliza naona huenda upo.

Ndama alizaliwa, jike, akapelekwa kwa watoto wa mzee alipoacha kunyonya. Walikuja, wakamshika ng'ombe mgongoni mbele ya shehe na mwenyekiti, na sasa ni wa mama. Yule wa kwaya alikuja kumwomba radhi mama; mimi niliomba radhi kabla yake. Bado nawashuku watu, ila siku hizi namuuliza kwanza mtu mwenyewe ninayemshuku, na cha mama sikigusi asipokubali.