Mkalimani wa Mama Bahati

Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Langley Park, nchini Marekani, ilinukia chapati na chuma cha moto. Chuma kilikuwa cha bomba la kupasha joto lililopita chini ya dirisha, ambapo Mama alianika soksi zake za kazini. Chapati zilikuwa za Mjomba Wafula, kaka yake Mama, mlinzi katika ofisi moja ya Arlington, aliyevuka mto kila alipopata nafasi ili aje kupika jikoni kwetu, kwa kuwa jikoni kwake, alivyosema, hapakuwa na wa kumsifu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimu wa kura za mchujo, chama kimoja kilipokuwa kikitafuta mtu wa kukiwakilisha katika kugombea urais. Waliotaka nafasi hiyo walikuwa wengi, na runinga yetu nene kama sanduku iliwaonyesha wamepangwa jukwaani kama wanakwaya, kila mmoja akisubiri dakika yake ya kueleza kwa nini awe yeye.

Mlango wa pili aliishi Mama Bahati, mzaliwa wa Bukavu, aliyefua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa amepata uraia mwaka uliotangulia, na hii ingekuwa kura yake ya kwanza maishani. Kiingereza chake kilimtosha kazini, na kilimtosha siku ya mtihani wa uraia, lakini wagombea walizungumza mbio naye akaachwa njiani. Alitaka kujua jambo moja tu: kila mmoja wao angefanya nini na wanajeshi. Mwanawe wa pekee, Bahati, ambaye mama yake alimtorosha vitani mara mbili akiwa bado mtoto, sasa alikuwa amevaa magwanda ya jeshi la Marekani, akingoja kuambiwa kama atapelekwa ng'ambo. Basi jioni ya mdahalo wa kwanza alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka kando yangu. "Weye mutoto," aliniambia, "leo utakuwa sikio yangu."

Nilishtuka, maana mimi nilikuwa mtoto wa kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mama alirudi kutoka zamu na kabla ya swali la pili alikuwa amesinzia kwenye kochi, na Mjomba alikuwa jikoni akibishana na unga. Nikabaki peke yangu na wagombea. Mmoja wao nilimpenda tangu aliposimama: alitabasamu kama aliyetuona kupitia kioo. Alipoulizwa kuhusu wanajeshi alizungumza kwa muda mrefu, mambo ya washirika na mashauriano, na nusu ya hayo sikuyaelewa. "Amesema nini?" Mama Bahati aliuliza, akanigeukia mzimamzima. Nilitazama lile tabasamu, nikatazama uso wake, nikasema, "Atawarudisha wote nyumbani." Alifumba macho, akaniwekea kiganja begani. "Asante, Mungu," alisema, nami nikajisikia mtu muhimu kuliko wote jukwaani.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikumaliza wiki. Kila tulipokutana kwenye ngazi Mama Bahati alimtaja "bwana yetu". Aliwaambia wanawake wenzake ndani ya basi. Alimpigia Bahati simu kambini akamwambia, nikimsikia ukutani akicheka. Ijumaa niliacha chapati sahanini, nikaenda kugonga mlango wake. "Nilikudanganya," nilisema, nikichagua kila neno la Kiswahili, kwa kuwa sikutaka pawe na kosa. "Yule bwana hakusema hivyo. Sikuelewa alichosema."

Aliendelea kukunja taulo hadi kona zikakutana. Nilitamani anigombeze. "Minajua," alisema hatimaye. "Bwana alisema maneno mingi, mingi, weye ukanipatia tatu tu. Lakini nilipenda ile tatu. Njo maana sikuuliza." Kisha akanivuta nikaketi karibu naye. "Sikia, mama. Kama haujaelewa, sema haujaelewa. Kama yeye hajajibu, sema hajajibu. Mimi nimezoea kukosa jibu. Uongo sitaki."

Mdahalo uliofuata ulikuwa sherehe. Mama aliomba kubadilishiwa zamu ili awepo, Mjomba akaleta sufuria ya chai sebuleni, nami nikakaa mbele kabisa na daftari. Wa kwanza aliulizwa kuhusu wanajeshi, akaanza na utoto wake. "Hajajibu!" nilitangaza. Wa pili akasifu mashujaa wetu. "Hajajibu!" Ilipofika zamu ya kipenzi cha Mjomba, mgombea aliyempenda kwa urefu wake tu, niliona Mjomba ananikodolea macho ya kuniomba huruma. "Naye hajajibu!" Mama alicheka hadi chai ikammwagikia miguuni, na Mjomba akaapa kwamba mtu mrefu namna ile huhitaji muda zaidi maneno yafike chini. Ndipo akaulizwa mmoja ambaye hatukuwa tumemjali, mtu wa sauti ya mafua. Nilisikiliza. Nilitafuta neno moja moja, na Mama Bahati akangoja. "Amesema... hawezi kuahidi. Amesema kuwarudisha kutachukua muda, na atakayesema ni rahisi anawadanganya wazazi wao." Mama Bahati alisogeza kiti mbele. "Huyu nilimwona tangu mwanzo," alisema. "Wenzake wakisema, anawaangalia. Wale wengine wanangojea tu zamu yao." Mwenye macho haambiwi tazama. Jioni ile niligundua kwamba nimezungumza Kiswahili kwa saa nzima bila kukimbilia Kiingereza, na hakuna aliyenicheka.

Siku ya kura Mama Bahati alivaa kitenge chini ya koti, akanishika mkono hadi kituoni, akatoka kifua mbele. Mjomba alimbembeleza kwa chapati tatu ataje jina. Alizila zote, akafuta mikono, akasema kura ni siri. Bahati alipelekwa vitani, akarudi mzima, na leo mama yake anawalea wajukuu huko Virginia. Siri yake hajaitoa.

Sasa ninaishi Silver Spring na ninapiga kura mwenyewe. Mdahalo nautazama kwenye simu, nikiwa peke yangu, na kabla mgombea hajamaliza sentensi watu nisiowajua wamekwisha kuniambia nani ameshinda. Sikosi tafsiri, wala uchambuzi. Ninachokosa ni mtu wa kunigeukia na kuuliza, "Amesema nini?", kisha angoje nifikirie. Katika sebule ile tulijua machache kuliko ninavyojua leo, lakini tuliyajua pamoja, na tulicheka sana.