Sentensi moja ya Kiingereza na kuku wa Mama Kiprono

Leo nimefundisha Kiingereza hapa Keringet mpaka bibi yangu, Mama Kiprono, akanisemesha.

Alikuwa amenikausha siku tatu, hata salamu hakuna. Nilichinja kuku wake bila kumuuliza, wageni wangu kutoka Mai Mahiu wakamla wote. Hiyo tuwachie hapo.

Sasa Chebet, msichana wa dada yangu, akaleta homework jikoni. "Ankol, apologise ni nini?"

Mnajua niliacha shule darasa la saba. Lakini hata mwalimu mkuu alikuwa ananiita ofisini nimsaidie na barua za Kiingereza.

Nikamwambia, "Hiyo ni rahisi. Ukikosea, unakubali kosa. Na usiweke 'but', ile 'lakini' yao. Ukiweka, umeharibu."

Mama Kiprono alikuwa anamenya viazi. Bila kuniangalia, akamwambia mtoto, "Mwambie aitumie kwa sentensi."

Nikasimama, nikakohoa kidogo. "I apologise for your hen, but those visitors came from far."

Chebet akasema, "Ankol, umeweka but."

Wueh. Jasho ilinitoka, na nyinyi mnajua baridi ya huku.

Nikarudia. "I apologise for your hen."

Halafu nikafunga mdomo. Hapo kwa kufunga mdomo ndio kuna kazi, watu wangu.

Mama Kiprono akaweka kisu chini, akaniangalia. "Alikuwa anataga kila siku."

Nikasema, "Najua."

Sasa nyinyi wenye digrii, ni nani kati yenu ameweza hiyo sentensi bila but? Andikeni hapo chini, niwasahihishie.